Uji wa Mgombea Ukiranja

Mama mpendwa, shikamoo.

Huku shuleni Nyamwaga baridi ya asubuhi inang'ata, nami nafundisha uongozi wa utumishi. Leo Chacha, anayetaka ukiranja mkuu, alitakiwa kuwagawia uji kidato cha kwanza. Akikataa, hapati cheo.

"Madam, mimi nimeshatahiriwa. Mambo ya jikoni ni ya wasichana," akasema, akajitolea kuongoza sala badala yake. Akamwomba Mungu moyo wa unyenyekevu mpaka uji ukafanya utando.

"Amina, kaka! Tuna njaa!" akapaza sauti Bhoke, mdogo kuliko wote.

Chacha akashika upawa kama rungu, akagawa. Kumbe cheo kina nguvu kuliko mila.

Nimekukumbuka sana, Mama. Baba akitoka kuhubiri unyenyekevu, mwonyeshe chupa ya chai inapokaa, ajimiminie mwenyewe.

Mwanao, Rehema