Matembezi ya Baba

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mikate
Jumapili mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Wifi hajambo, na wanangu wanaendelea vizuri na shule? Sisi huku tunapumua tu, nisikudanganye.

Kwenye simu nilikuficha, maana baba anasikia kila neno. Sasa nakueleza yote.

Wajua alivyooka mikate usiku maisha yake yote, akilala mchana. Alipostaafu, usingizi ulimsusa. Daktari alipomwambia sukari inapanda na afanye mazoezi, akachagua jioni. Alikuwa akipanda na kushuka ngazi za jengo hadi jasho limtoke, aoge, kisha macho kodo mpaka kunakucha. Majirani wakamwita Mlinzi, naye akacheka nao. Asubuhi anainuka hoi, anajitia nguvu kwa chai yenye sukari.

Mwaka huu muuguzi wa kliniki ndiye wa kwanza kumuuliza analalaje. Akamwambia, "Mzee, wapo wanaofanya mazoezi jioni na wanalala fofofo. Wewe si mmoja wao. Na mtu asipolala, sukari yake haishikiki. Tembea asubuhi."

Baba akatii. Akaanza kulala, mdogo wangu. Nilimsikia akikoroma, nikatabasamu peke yangu jikoni. Nikajua tumepona.

Kumbe sukari ilishamla miguu ndani kwa ndani. Akatoka lengelenge kidoleni kwa kutembea, wala hakulihisi. Nilipoona soksi imelowa usaha, kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Mwezi uliopita walimkata mguu chini ya goti.

Siku nzima amelala anatazama ukuta. Nilimwambia yupo fundi wa miguu ya bandia. Akasema, "Mwanangu, niache." Usingizi umemkimbia tena, sukari haishuki, na vidole vya mguu uliobaki vimeanza kuwa vyeusi. Daktari hakunipa tumaini, nami sina la kukupa.

Mama mdogo anakuja kunipokea zamu, nipate kufua na kupika. Anakusalimu sana, machozi yakimlenga.

Uliniuliza baba anavaa viatu nambari ngapi, umnunulie vya mazoezi. Usinunue. Nauli ikipatikana, njoo umwone angali anatujua.

Nisalimie wifi, uwabusu wanangu. Mola awaepushie haya tunayoyaona.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Dada Mkubwa