Imeezekwa, Imeezuliwa

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mchanga bado unachoma hata ukivaa ndala. Ninaandika nikiwa kwenye baraza la kanisa, sehemu pekee yenye kivuli ambayo hakuna anayetufukuza. Bibi amelala kwenye mkeka pembeni yangu. Kitenge alichojifunika kikikauka, ninakwenda kukilowesha tena bombani.

Sijawahi kuandika hapa jambo la aibu. Leo nitaandika.

Wiki mbili zilizopita upepo mkali ulitoka ziwani mchana, tukiwa darasani. Kijiji chetu hakiko mbali na Lituhi, na nyumba nyingi za huku ufukweni zilipoteza mapaa. Ya Bibi ilibaki kuta tupu. Mabati tuliyaokota kwenye mashamba ya mihogo yakiwa yamekunjamana, hayafai hata kwa banda la kuku. Mama yuko Songea kazini, kwa hiyo tuko wawili tu. Tulifunga turubai la nailoni juu ya kuta za chumba kimoja, tukaingia humo.

Siku ya tatu mtendaji wa kijiji alinifuata shuleni. Alitaka mtu wa kuandika orodha ya waliopatwa na maafa, ipelekwe wilayani. Mwalimu alinitaja mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na Kiswahili ninakiongoza darasani. Mimi ambaye hata kujibu swali kwa sauti ninaogopa, nilikaa kwenye meza ya mtendaji na kalamu yake.

Nilifurahi. Hilo nalo nalikiri.

Watu walipanga foleni hadi nje. Nikaandika majina, na mbele ya kila jina hali ya nyumba: imeezuliwa yote, imeezuliwa nusu, ukuta umeanguka. Bibi alifika mwisho kwa sababu aliwapisha wenye watoto wachanga. Sikuwa na haja ya kumuuliza chochote, lakini alitaka aulizwe kama wengine.

"Andika," akasema, "nyumba iliezekwa na babu yako mwenyewe. Si fundi. Alipanda juu na misumari mdomoni, mimi niko chini ninamtukana ashuke."

"Andika na matusi," mtu mmoja akasema nyuma yake.

"Matusi ni ya mume wangu. Wewe subiri yako."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku ninaandika. Sikurudia kusoma mstari ule. Mistari ya watu wengine yote niliirudia.

Tangu hapo joto halijapungua. Mchana chini ya nailoni hewa inakuwa nzito, unavuta pumzi haitoshi. Nilimwomba Bibi tuhamie darasani walikojihifadhi wengine, akakataa kuacha kitanda chake na gunia la usipa, dagaa wetu wa hapa, aliokwisha kuwakausha. Nikaenda shule nikamwacha.

Alhamisi niliporudi nilimkuta anaongea na Babu. Babu alifariki nikiwa darasa la nne. Ngozi ya Bibi ilikuwa ya moto na kavu kabisa, bila jasho hata shingoni, na nilikumbuka nimewahi kusoma mahali kwamba jasho likikoma ndiyo hatari yenyewe. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji, nikapiga kelele. Sikujua kwamba ninaweza kupiga kelele vile. Jirani akaja na pikipiki, tukamweka Bibi katikati hadi zahanati.

Nesi alimfunika vitambaa vibichi na kumpepea hadi akanitambua. Kisha akanigeukia.

"Saa za jua kali asikae chini ya nailoni. Maji kidogo kidogo, kila mara, hata akisema hana kiu."

"Ndimo tunamoishi, nesi."

"Basi mtafutie kivuli kingine, mwanangu. Mpaka mabati yafike."

Mpaka mabati yafike. Niliyashika maneno hayo siku mbili nzima.

Leo asubuhi yamefika. Mtendaji alisoma majina kwenye uwanja wa ofisi, na kila aliyesikia jina lake alijibu "Nipo" kama wanafunzi. Akafika mwisho, akakunja karatasi. Letu halikusomwa.

Nilingoja watu waondoke. "Shikamoo," nikamwambia. Alielewa nilichotaka, akaikunjua tena karatasi na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Jina la Bibi lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Mbele yake, kwa mwandiko wangu mzuri: *Nyumba imeezekwa yote.*

"Wilayani wameona ninyi mmeshaezeka," akasema. "Wakashukuru Mungu, wakaendelea na wengine."

Nilimuuliza kama ninaweza kusahihisha.

"Hili si daftari la shule, binti. Limeshagongwa muhuri." Hakuwa mkali. Labda angekuwa mkali ningeweza kulia. "Andika barua. Nitaipeleka nikienda."

"Lini?"

"Gari likipatikana."

Barua nimeiandika mara nne. Kila mara ninafungua kamusi kuangalia neno ambalo nimelijua tangu darasa la tatu. Kwa Kinyasa, lugha yetu ya nyumbani, nisingekosea. Ninawaza hivyo, halafu ninajua ni kisingizio. Sikukosea kwa kutojua. Nilikuwa ninafurahia kuonekana.

Bibi hajui. Kila anayepita hapa barazani anaambiwa kwamba orodha iliandikwa na mjukuu wake, neno kwa neno. Leo wamempongeza watatu. Mmoja alikuwa amebeba bati kichwani.

Muda mfupi uliopita alifumbua macho akauliza yetu yanakuja lini.

"Gari likipatikana," nikasema.

Akaridhika. Akageukia ukutani, akalala.

Ng'ambo, upande wa Malawi, wingu limeanza kujikusanya. Ikinyesha, turubai halitashika. Lina tundu pale lilipofungwa. Ninatazama wingu, ninatazama kitenge kama kimekauka, na hakuna kati ya hivyo viwili ninachoweza kukizuia.

Nitamwambia asubuhi, kabla jua halijawa kali, akiwa ameshakunywa maji. Nitamwambia kwa Kinyasa. Sijui tu nianze na neno gani.