Jogoo wa Dizeli

Jumapili

Bado namsikia yule jogoo akiwika kwapani mwangu, kanisa zima limenyamaza, nami naelekea naye mlangoni. Nilidhani wamenyamaza kwa heshima.

Kaunti imetuletea greda la kuchonga barabara ya mteremko wetu, lakini dizeli ni juu yetu, ndiyo maana leo baada ya ibada tulifanya harambee. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba ushuru wa mafuta tunalipa tayari, na kwamba barabara si kazi ya kuku. Kisha jogoo aliyetolewa kama mchango akaanza kunadiwa, nikashikwa na ushindani, nikapandisha bei mpaka wote wakaniachia. Nikalipa, nikamchukua.

Mama alisubiri tufike nyumbani. "Umesomea uchumi mpaka chuo kikuu, na hujui jogoo wa harambee harudi nyumbani? Ukimnunua unamwacha hapo, auzwe tena. Sasa umetoroka na greda letu."

Nikasema ni wangu, nimelipa.

"Basi mpande, akupeleke mjini Machakos," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Alikuwa anacheka, lakini najua anachohofia. Greda likiondoka kabla ya dizeli kupatikana, mvua itaukuta mteremko vilevile, na maembe yake yataoza tena lori likiwa limekwama huko chini. Nami nahofia hilo, na zaidi kwamba kosa litakuwa langu.

Jioni nimempeleka jogoo kwa Mzee Kioko, mwenyekiti wa harambee. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama jogoo amekula. Jumapili ijayo atauzwa tena, na nimeshakubali kwamba mnadi nitakuwa mimi.