Kuimbia Magongo

Kashikishi, 17 Februari 2024

Mudogo wangu Zéphyrin,

Pokea salamu nyingi za dada yako wa huku ziwani. Mke wako na watoto hawajambo? Mimi naendelea, ila sukari yangu inapanda na kushuka inavyotaka. Kila kikao wananipa kinywaji cha munkoyo, kitamu, na naona haya kukataa mbele za watu.

Viti vya magurudumu mlivyochangia huko Lubumbashi vimefika. Mchanga wetu unakula matairi, kwa hiyo Mwila, fundi wa chama chetu cha kusaidia wagonjwa na walemavu, anavifungia magurudumu ya baiskeli. Jumapili tuligawa kanisani kama kawaida: kila mmoja anapita mbele, anaimba ubeti wa kushukuru, nampiga picha, ndipo anapewa chake. Picha nimekutumia kwa simu.

Mmoja tu alinikasirisha. Ni Mzee Mukuka wa kisiwa cha Kilwa humu ziwani, mvuvi aliyekatwa mguu baada ya kuumwa na mamba. Hakutaka kuimba! Nikayashikilia magongo tuliyompangia mpaka akaimba. Watu walicheka kidogo, wakapiga makofi. Jumatano magongo yakarudi kwa mtumbwi, yamefungwa kamba, bila neno. Mtu hana shukrani hata chembe. Nimempa mwingine.

Nina kidonda kidogo kidoleni, kiatu kilinichuna. Usijali.

Yaya wako,
Angèle


Lubumbashi, 25 Februari 2024

Yaya Angèle,

Nakusalimu kwa upendo. Huku wote wazima, ni umeme tu unaotusumbua. Picha zimewafurahisha sana watu wa parokia. Ya yule mzee mwenye mguu mmoja ndiyo waliyoipenda zaidi. Tumeikuza, tukaibandika mlangoni juu ya sanduku la michango. Sikuwaambia kwamba alirudisha magongo. Nawe nyamaza.

Kidonda na sukari havipatani, yaya. Nenda hospitali kesho, usingoje mpaka umalize kugawa unga. Nakujua.

Mudogo wako,
Zéphyrin


Lubumbashi, 14 Aprili 2024

Yaya, hujambo? Hujibu. Mwila anasema umesafiri Chienge. Chienge gani hiyo isiyo na simu? Niandikie hata neno moja, nilale.

Mudogo wako


Kashikishi, 2 Juni 2024

Mudogo wangu,

Salamu, na unisamehe. Sikwenda Chienge. Nilikuwa hospitali, na Mwila nilimtuma mimi adanganye. Wamenikata mguu wa kushoto, chini ya goti. Madaktari walijitahidi, ni mimi niliyechelewa, nikizunguka na unga wa wagonjwa huku kidonda nimekifunga kitambaa. Mimi ninayewahimiza wenzangu wa sukari waangalie nyayo zao kila asubuhi! Naona aibu hata kukuandikia.

Kuna lingine. Mwila amenitengea kiti, amekisugua mpaka kinang'aa. Akina mama wa chama wamenunua kitenge cha kunivalisha na wameshachagua wimbo. Wananiambia, "Mama, Siku ya Mungu utapita mbele sawa bale bengine." Wanafanya kwa upendo, siwezi hata kuwakasirikia. Niliwaambia nina homa. Jumapili iliyofuata, homa tena. Naenda chooni kwa kutambaa, Zéphyrin, na kiti kiko barazani kwa Mwila.

Yaya wako


Lubumbashi, 9 Juni 2024

Yaya wangu,

Pole, pole sana. Nimelia mbele ya watoto. Umepata nguvu kidogo? Unakula?

Lakini la kiti lisikusumbue. Chama umekianzisha wewe. Wewe si mtu wa kupita mbele. Mwila akuletee kiti jioni, kimyakimya, basi. Wale wengine ni wasaidiwa, wewe ni mama yao.

Mudogo wako,
Zéphyrin


Kashikishi, 30 Juni 2024

Mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Kidonda kimekauka, nakula vizuri.

Uliposema mimi si mtu wa kupita mbele, niliona aibu kuliko siku zote, maana ndivyo nilivyokuwa nikifikiri mwenyewe.

Nilikwenda Kilwa. Mwila alinibeba mgongoni hadi kwenye boti, na wauza samaki waliacha kupima wakanitazama. Mzee Mukuka alikuwa amekaa chini anashona wavu. Ana fimbo aliyochonga mwenyewe, fupi mno, inamkunja mgongo. Alikiangalia kigutu changu, akanisogezea mkeka. Nikamwomba msamaha. Alifunga fundo la wavu, akaweka sindano chini.

"Bamayo," akaniambia, akiniita mama kwa heshima ya kwao, "miye sikukatala magongo. Magongo ilikuwa muzuri. Lakini batoto yangu balikuwa mu kanisa. Baliniona naimba juu ya kupewa magongo."

Nikamwambia tutamletea mengine nyumbani, bila watu.

"Apana, bamayo. Nikiyashika, nitasikia tu ule wimbo."

Tulipoaga alinipa samaki wabichi.

Hatuimbishi mtu tena. Vitu tunawapelekea nyumbani kwao. Kiti changu Mwila alikileta jana mchana, nikasema asante, tukanywa chai. Akina mama wamenuna kidogo kwa ajili ya kitenge.

Sasa nakuomba. Bandua picha ya Mzee Mukuka hapo mlangoni leo, usingoje Jumapili. Watu wa parokia wakisema hawatoi bila kuona mtu, bandika hii ninayokutumia. Nimekaa chini na kigutu kinaonekana chote. Waambie jina langu, na waambie kwamba mimi ni dada yako.

Yaya wako,
Angèle