Beringi Tatu Ndani ya Kitambaa

Toronto, 3 Juni 2024

Baba, shikamoo. Sukari inaendeleaje? Sisi wazima. Mkweo Reza anakusalimu, na mjukuu wako Hira ameota meno mawili.

Salamu zimeisha. Sasa nakuandikia kwa hasira, na usiniambie nipunguze sauti.

Unajua karakana yetu hapa Weston inafufua injini za ndege za miaka mia iliyopita, na kazi yangu ni kupima vipuri kabla havijafungwa. Nilipokuombea kazi ya kutuletea beringi, ulituma arobaini kutoka stoo ya Babu. Tatu ulizifunga peke yazo kwenye kitambaa, ukaandika kwa mkono wako: "Za kupima." Sheria inanitaka nichomoe mwenyewe chache kutoka kasha zima, bila kuchagua. Lakini nimelelewa kupokea kwa mikono miwili anachonipa mzazi. Nikapima hizo hizo tatu. Zikazunguka saa hamsini bila hata kulia, nikagonga muhuri.

Juzi, roho haikutulia, nikachukua ya nne. Baada ya kuzunguka saa tisa tu ikakwama. Gololi imepasuka vipande viwili!

Nyingine za kasha hilo hilo ziko ndani ya injini ambayo rubani wetu Philip ataipaisha Jumapili, mama yake akiwa kiti cha nyuma. Ulijua?

Mwanao,
Masoomah

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, 4 Juni 2024

Marahaba, mwanangu. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka niliposoma barua pepe yako.

Miaka arobaini nauza spea. Mteja haonyeshwi kibovu. Unachagua kizuri, unakifuta, unamwekea kaunta. Babu yako alifanya hivyo na hakuna aliyemwita muuaji. Mali imekaa stoo na joto hili la Dar, moja ikiharibika ndiyo iwe kesi?

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Muhuri ni wako, si wangu. Ukisema watakufukuza, na msikitini kote watajua kwamba binti wa Ghulamabbas kamuumbua baba yake. Zibadilisheni kimyakimya.

Baba yako

Toronto, 7 Juni 2024

Shikamoo Baba. Nimesema.

Nimepima kumi zaidi, sita zimekufa. Injini imefunguliwa mbele yangu. Beringi yako ina ufa, ukucha unaingia. Philip aliitazama, kisha akaniuliza kama ningekwenda kwenye mazishi yake. Muhuri wamenipokonya, na wana haki.

Nakukasirikia kwa sababu ulinifanya mteja, Baba. Mimi, mtoto wako, ulinifutia nzuri ukaniwekea kaunta! Najikasirikia mwenyewe zaidi. Usimpigie Reza atupatanishe.

Masoomah

Dar es Salaam, 19 Septemba 2024

Mwanangu Masoomah, natumaini u mzima. Hira ameanza kusimama? Hakuna anayeniambia kitu.

Bado nina hasira nawe. Mtoto hamwandikii baba vile.

Lakini beringi za stoo ile sikukutumia zote. Nyingine nilishaziuza hapa nchini. Nimewatafuta walionunua, mmoja mmoja, na miguu hii yangu. Wote wamerudisha, isipokuwa fundi mmoja wa Dodoma. Yeye amezifunga kwenye winchi inayopandisha vibarua ghorofa ya nane.

Nimekwenda mara tatu. Nimemwambia wazi kwamba nilimdanganya. Anacheka, ananiagizia chai, anawaambia vibarua wake kuwa mtu mwaminifu kama mzee Ghulamabbas hawezi kuuza kitu kibovu. Na winchi inapanda, imejaa watu.

Nimwambie nini, mwanangu?

Baba yako