Koleo lisilouzwa

Jumanne jioni

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja. Papa akijua nataka kuacha ofisi niwe mhunzi, atanifukuza nyumbani.

Leo muzee Kasereka, anayefua vyuma vya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ameniuzia nyundo yake kuukuu kwa bei ninayoiweza. Nikaomba na koleo la kushikia chuma cha moto. Akacheka.

“Koleo hatuuzishake, mutoto wa biro. Kila mumoja anajifulia yake. Kuja samedi.”

Nilifarijika, kwa kuwa kimepungua kifaa kimoja cha kununua. Kisha nikaogopa. Mikono hii ya ofisini imezoea kalamu, na nikiungua Papa ataona.

Nitaenda Jumamosi hiyo.

Daftari usililete nyumbani. Njoo nalo Jumamosi kwa muzee Kasereka, nyuma ya soko, uliza anayevuta mivuo ya kuchochea moto; ndiye mimi.