Ulicheka Kabla ya Kichekesho

Baba Mujinga,

Mboga ya sombe iko kwenye sufuria, bukari utasonga mwenyewe. Mwanetu Mujinga asitoke, askari wamefunga njia ya Bel-Air.

Filamu tuliyoiona jana imenichosha. Mwongozaji anasifiwa katika kila gazeti, kumbe hadithi yenyewe ni ya mwanaume tu anayelilia wanawake wawili bila kuchagua. Lakini wewe ulikuwa ukicheka kabla ya kichekesho. Leo asubuhi nikakubana, ukakiri: uliiona kwanza na Albertine wa ofisini kwenu, eti yeye anaelewa sinema. Na mimi, diploma yangu ni ya kufungia karanga?

~~Nimekwenda Lukafu kwa dada yangu.~~ Niko sokoni, ninarudi. Jumapili mwalike Albertine aje kula. Nitamkalisha kati yetu, anieleze yule mwanaume alipaswa kumchagua nani.

Mama Mujinga